Maji ya Shingo za Watu

Vumbi la Newala ni jekundu, Silvano mdogo wangu, na halina adabu. Linaingia chunguni, linaingia kitandani, linaingia hadi kwenye kurasa za Biblia ya mama. Kiangazi kikikaza, hata chafya hutoka nyekundu.

Huku juu maji hatuna. Yako chini, bondeni, na kati yetu na bonde kuna ule mteremko ambao watu huushuka wakiimba na kuupanda wakiwa kimya. Mama aliupanda. Mimi niliupanda tangu mtungi ukiwa mkubwa kuliko mgongo wangu. Wewe hukuupanda, kwa kuwa wewe ulikuwa unasoma.

"Mwacheni, anasoma." Neno hilo ndilo lililokulea. Tulikutengea mtungi wako pembeni, wa kunywa na wa kuoga, ukaoga kila asubuhi kama mtoto wa Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, sisi tukijipangusa kwa kitambaa. Wala sikuona wivu, nakuapia. Niliona fahari, na fahari ikanipumbaza.

Ukafaulu. Ukafaulu tena. Ukawa mwalimu katika shule ya misheni kule Masasi, na kila uliporudi likizo, kila mlango ulitoa maji. Kijijini kwetu mtu wa heshima hachinjiwi kuku, huletewa maji ya kuoga. Mama Isabela alileta. Bibi Sijaona, na goti lake bovu, alileta. Ukashukuru, ukacheka, ukaingia bafuni nyuma ya nyumba. Sasa najua kwamba humo ulikuwa unalia, kwa kuwa mtu anayeoga haulizwi mbona uso umelowa.

"Umelalaje, Mwalimu?"

"Salama."

Kijiji kizima kiliuliza, kijiji kizima kikajibiwa, kila mtu akashika jembe lake akaenda zake. Hukuwa unalala, Silvano. Macho yalikuingia ndani, mashati yalikupwaya, na watu wakasema ndivyo wasomi walivyo.

Ndipo ilipokuja habari kwamba umechaguliwa kwenda chuo kikuu cha Makerere. Wa kwanza kutoka kwetu! Mjomba Nikolao, ambaye neno lake ndilo neno kwa kuwa sisi ni watoto wa dada yake, alipiga vigelegele bila kuwasubiri wanawake. Wewe uliitazama mitungi iliyojipanga ukutani, ukaniambia polepole, "Dada Bibiana, mimi siwezi tena kunywa. Haya si maji. Haya ni shingo za watu."

Nilidhani ni homa. Nikakupandisha lori la korosho hadi hospitali ya Ndanda, wakatupa mahali pa kulala. Muuguzi mmoja, Veridiana, mama mnene mwenye sauti ya chini, alikupima, hakukuta homa. Akaketi nawe kwenye benchi la nje, akauliza lile lile wanalouliza wote, "Umelalaje?" Ukajibu salama. Lakini yeye hakuondoka. Alisubiri, mikono mapajani, mpaka ile salama yako ikaishiwa nguvu.

Ukasema. Mungu wangu, ulisema! Nilikuwa nimekaa mbali kidogo, nikasikia sauti yako ikitoka kama maji ya mvua ya kwanza, na matope yake, na majani yake. Kesho yake ukasema tena. Ukaanza kula. Siku moja ukalala mchana kutwa, nami nikakaa nakusikiliza unavyokoroma. Sijapata kusikia wimbo mzuri kuliko ule.

Kisha Mjomba akaja, na koti lake la kanisani.

"Shikamoo, Mjomba," nikamwambia. Hakuitika marahaba.

"Mpwa wangu si mwendawazimu," alisema. "Hapa pana wenye vidonda. Yeye kidonda chake kiko wapi? Nionyesheni."

"Baba, mwachie siku chache," Veridiana akamwomba. "Ndiyo kwanza ameanza kusema."

"Atasemea Makerere."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ya kwako yalifichwa kwa koti la kanisani, nawe ukalifuata nyuma kwa adabu, kama ulivyofuata kila kitu. Ningeweza kumng'ata yule mzee.

Siku ya safari lori lilinguruma pale uwanjani. Na wanawake wetu, wapendwa wangu, wapumbavu wangu, wakafanya jambo kubwa kuliko yote waliyoyajua. Walikuwa wameshuka bondeni tangu alfajiri. Walijipanga kutoka mlangoni kwetu hadi kwenye lori, wakamwaga maji njiani, mtungi baada ya mtungi, ili vumbi lisiguse viatu vyako.

Maji! Huku kwetu! Chini!

Ulisimama ukayatazama yakizama. Kisha ukapiga magoti na suti yako mpya, ukaanza kuyachota kwa viganja, ukiyarudisha kwenye mtungi wa Bibi Sijaona, tope tupu, ukisema, "Samahani. Samahani. Samahani." Watu wakacheka kidogo, wakidhani ni mzaha wa msomi. Halafu wakaacha kucheka. Lori liliondoka bila wewe, na tangu hapo hujasema neno.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Wewe ulisifiwa, ukakauka.

Mjomba mwenyewe alinijia, koti mkononi. "Mrudishe kwa yule mama," alisema. Nikakurudisha. Veridiana akaketi nawe kwenye benchi lile lile, akauliza lile lile, akasubiri. Jua likahama kutoka gotini kwake hadi gotini kwako. Hakikutoka kitu, hata salama. Nilikuomba uongo, Silvano. Nilikuomba unidanganye tu, kama zamani.

Tumerudi nyumbani hadi lori lijalo. Nitakupeleka tena, na tena, ingawa sijui ninampeleka nani. Mchana unakaa ukutani. Asubuhi unatoka, unakwenda hadi ukingo wa ule mteremko ambao hukuupanda, unawatazama wanawake wakipanda na mitungi. Mimi huwa nyuma yako, moyo mkononi, siku zote nyuma yako.

Leo usingizi umeniiba. Nimeamka, mkeka wako mtupu. Nimetoka mbio bila khanga, nimefika njiani sioni mtu. Kisha nimetazama chini. Nyayo zako zilikuwa pale, zimejichora kwenye vumbi jekundu, zikienda bondeni. Nimezifuata hadi ukingoni. Pale zimesimama. Pale zimegeuka. Nimekukuta nyuma ya nyumba, umekaa, unatazama mitungi.

Mama Isabela amekuja na kata yake, anataka kunyunyiza maji uani na njiani, vumbi litulie kwa heshima yako. Nimemshika mkono kwa nguvu, hata ameshtuka.

"Usimwage," nimemwambia. "Liache vumbi, Mama. Ndilo pekee linaloniambia alikokwenda."