Kitambaa Juu ya Kompyuta

Nina hasira na Yassir mpaka leo, na asije mtu kuniambia nitulie.

Kampuni yetu ya kompyuta ilikuwa ya watu watatu, pale Ujiji, miaka ile wakimbizi walipojaa mkoa mzima. Yassir alikuwa na duka na mdomo. Mimi, Elida, nilifundisha wateja kuchapa. Nduwimana, Mrundi, ndiye aliyeunda mashine zenyewe: alichukua kompyuta chakavu, akatoa kifaa cha hii akakitia katika ile, zikawaka. Kibali chake cha kuishi nje ya kambi kilitegemea kazi yetu. Akiikosa, yeye na mkewe Spesiosa wanarudishwa kambini.

Tuliuza mpaka Mwandiga. Shule, parokia, wenye maboti, kila mtu alitaka ya kwake. Na kila kompyuta ilitoka dukani imevaa kitambaa cha kufuma, kazi ya mke wa Yassir, kama redio ya sebuleni.

"Bwana Yassir," Nduwimana alimwambia, "ikiwashwa, kitambaa kiondoke. Inapumulia kule nyuma. Ukiiziba, inaungua."

Yassir akacheka. "Kitu cha thamani hakikai uchi, ndugu yangu. Mteja atasema tumemuuzia bati."

Zikaanza kuungua. Ya parokia kwanza, kisha za shule. Wateja walipofurika dukani, Yassir hakusita. "Ni yule Mrundi. Aliweka vifaa vibovu. Nimeshamfukuza."

Hata mimi ndiyo kwanza nasikia kwamba amefukuzwa. Kikulacho ki nguoni mwako. Chetu kilisimama nyuma ya kaunta. Nilieleza habari ya kitambaa mpaka sauti ikakauka, lakini nani anisikilize wakati mkimbizi wa kulaumiwa yupo?

Nduwimana na mkewe walichukuliwa asubuhi kurudishwa kambini, Spesiosa kajitwika godoro. Kwenye lori Nduwimana aliniambia, "Dada Elida, dukani imebaki moja. Mwambie Bwana Yassir aondoe kitambaa." Juu ya Yassir hakusema neno. Mimi ninayo mengi.

Nilikwenda dukani moja kwa moja. Kompyuta ilikuwa inawaka, kitambaa kimeifunika mpaka nyuma, bati lake linachoma mkono. Nikakinyakua, nikakitupa chini mbele ya wateja.

"Kilichoziunguza ni hiki," nikasema, "na ulikuwa unajua."

Yassir aliinama, akakiokota, akakikung'uta vumbi. Akakitandika tena taratibu, akanyoosha pembe zake.

"Nifanyeje, Elida?" alininong'oneza. "Nikikiondoa leo, watajua."