Kulinda Gari kwa Fundi Gaudence

Gereji ya fundi Gaudence iko Ipagala, kwenye kiwanja kisicho na ukuta, na kazi yangu pale ilikuwa kukaa. Shemeji Elisante, mume wa dada yangu Evarista, alisema gari likiachwa gereji bila mtu linarudi nyumbani na matumbo ya gari jingine. Kwa hiyo kila asubuhi nilimaliza vyombo, nikamwogesha mtoto wa dada, nikachukua kigoda nikaenda kulinda gari la shemeji.

"Mlinzi kafika!" mafundi walikuwa wakisema. "Leo umekuja na bunduki au mate tu?"

"Mate yanawatosha nyie."

Siku za mwanzo tulicheka. Baadaye hata wao walichoka kunitania, wakawa wananisogezea tu turubai jua likihama.

Gari lenyewe lilikuwa linazima. Likiwashwa asubuhi linakwenda vizuri, likipata joto linakata, hata kama uko katikati ya barabara. Dereva wake alikuwa Kefa. Alikuwa akibeba mafundi wa ujenzi kuwapeleka Msalato kwenye uwanja mpya wa ndege, jioni anawarudisha. Lilipoanza kuzima, fundi wa kwanza alibadilisha plagi, akabadilisha koili, akaja akabadilisha pampu ya mafuta. Kila spea ikiwekwa gari linakwenda siku mbili tatu, tunafurahi, linazima tena. Aliposhindwa kabisa ndipo akamnong'oneza shemeji: "Bosi, kontroli boksi hili siyo lake. Dereva wako mzuri atakuwa ameliuza, akakuwekea bovu."

Kontroli boksi ni kile kisanduku kinachoamrisha injini, lini ipate mafuta na lini ipate moto. Shemeji hakuuliza mara mbili. Alimnyang'anya Kefa ufunguo mbele ya abiria, na jioni ile ile akampigia mama yake Kefa kule Kibakwe, kwa sababu ndiye aliyekuja kumdhamini mwanawe wakati anaajiriwa. Mimi nilikuwa jikoni nachambua mboga. Nilimsikia akisema, "Mama, ulinipa mwizi."

Ndipo gari likaletwa kwa Gaudence.

Siku moja Kefa alikuja gereji. Hakuingia. Alisimama kule kwenye rundo la matairi mpaka nikainuka nikamfuata.

"Fundi anasemaje?"

"Bado anapima."

"Dada Anitha, mimi hicho kisanduku hata kinapokaa sikujui."

"Mwambie shemeji."

"Nimwambie mara ngapi? Mwenyewe hapokei." Alikuwa anasugua kiatu chake kwenye tairi. "Mama anapokea. Nikimpigia anapokea, halafu ananyamaza. Nasikia kuku tu."

Nilimpa maji, akanywa, akaondoka kwa miguu kuelekea barabarani.

Gaudence naye hakuwa mwepesi. Mashine yake ya kupimia aliichomeka chini ya usukani, ikaleta makosa mengi mpaka akaizima. "Mgonjwa akisema anaumwa mwili mzima," alisema, "mpime kichwa." Maneno mazuri, lakini kabla ya kufika huko kichwani alipoteza siku nzima akifuata waya uliotafunwa na panya, akaufunga vizuri, akajisifu, na gari likazima palepale likiwa linanguruma. Alikaa chini kwenye vumbi. Alikaa muda mrefu, hata mafundi wenzake wakaacha kumcheka.

Kesho yake alinituma kwa muuza juisi nikachukue barafu. Aliifunga kwenye mifuko miwili ya nailoni, akaikausha nje kwa tambara, akailaza juu ya kile kisanduku, gari likiwa limeshazima na joto. Tukasubiri. Akawasha, likawaka. Akaitoa barafu, akafunga boneti, tukasubiri tena. Likazima. Alirudia hivyo mpaka barafu ikawa maji.

"Ni hili," alisema. Hakusema kwa furaha. Alisema kama mtu aliyeuona mzigo anaotakiwa kuubeba.

Kabla ya kugusa skrubu aliniita nione. "Mlinzi, njoo ushuhudie, nisije nikasingiziwa na mimi." Vumbi jekundu lilikuwa limegandamana kwenye mshono wa kisanduku, na ile rangi inayopakwa kiwandani juu ya skrubu haikuwa imepasuka. "Hili tangu Japani halijatolewa na mtu."

Alilitoa akalifungua. Ndani kulikuwa na doa jeusi dogo kama punje ya ulezi, na harufu ya kuungua. Umeme mkubwa ulipita hapo, alisema, ila umetoka wapi hajui.

Nilimpigia shemeji nikamweleza habari ya rangi na vumbi. "Basi alichezea waya," akasema. "Kefa huyo simwamini."

Kisanduku kingine kiliagizwa Dar, cha gari lililokatwa ili liuzwe spea, kikaja kwa basi. Hakikufaa. Gaudence alikuwa amesoma vibaya namba kwa sababu ya oili, akatukana macho yake mwenyewe, kikarudishwa. Mimi nikaendelea kukaa. Nyumbani dada alianza kuniuliza kwa nini nguo za mtoto hazijafuliwa, na nilikuwa nanuka grisi nikiwa sijashika chochote.

Kisanduku cha pili kilipofika, shemeji alikuja mwenyewe kutoka ofisini, na tai yake. Akasimama akiangalia. Gaudence alichukua spana akainama kwenye betri.

"Wewe, wewe! Usichomoe hiyo!" shemeji akapiga kelele. "Redio itajifunga. Hii redio ya Kijapani ukichomoa betri inadai namba ya siri. Nilihangaika mpaka nikampata mtu wa kuifungua."

Gaudence hakuchomoa. Alibaki ameinama, halafu akainua kichwa taratibu, akaitazama keria ya chuma iliyo juu ya gari, ile wanayowekea vyombo vya wajenzi.

"Bosi, hii keria ulichomelewa hapa mjini?"

"Hapahapa."

"Zamani?"

"Kabla tu halijaanza kuzima... Kwa nini?"

"Siku ya kuchomelea, betri ilichomolewa?"

"Ilichomolewa," shemeji akajibu. Alijibu upesi.

Nilikuwepo siku ile. Nilitumwa kuwapelekea soda. Yule mchomeleaji alikuwa ameshashika kichwa cha betri, shemeji akamwambia aache, na maneno aliyomwambia yalikuwa haya haya ya redio.

Mimi nalala nyumbani kwa shemeji. Chakula ni chake, hata kile kigoda nilichokalia ni chake. Dada ameniambia mara nyingi mambo ya wanaume nisiyaingilie. Niliyafikiria hayo yote, na nilikuwa nimechoka, na nadhani kuchoka ndiko kulikonisaidia, maana sikuwa na nguvu ya kutafuta maneno mengine.

"Haikuchomolewa, shemeji."

Spana zikanyamaza. Shemeji alinitazama kama vile gari lenyewe ndilo limesema.

"Ule umeme wa kuchomelea unatafuta njia," Gaudence alisema polepole, akitazama chini ili asimtazame mtu. "Betri isipochomolewa, unapita mpaka kwenye boksi. Ulipita humu."

"Fanya kazi yako," shemeji akasema.

Gaudence akachomoa betri. Akafunga kisanduku, akaufundisha ufunguo upya kwa mashine yake ili kisanduku kiutambue, akawasha. Likanguruma. Tuliliacha juani boneti ikiwa imefungwa mpaka likawa la moto hata kuligusa huwezi, na halikuzima. Mafundi walipiga makofi kidogo. Mimi nilikunja turubai lao, nikawarudishia.

Tuliondoka na shemeji, yeye akiendesha. Tulipokaribia nyumbani alisimamisha gari pembeni, akanipa simu.

"Mpigie Kefa. Mwambie gari limepona, kesho aje."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Nikapiga. Kefa akapokea, nikamwambia.

"Na wizi wangu?" akauliza.

Shemeji alikuwa anaangalia mbele, mikono kwenye usukani.

"Hukuiba," nikasema. "Boksi liliungua siku ya kuchomelea keria. Betri haikuchomolewa."

"Yeye anajua?"

"Yuko hapa. Anasikia."

"Kesho siji, dada. Nimepata kibarua cha kubeba kokoto. Mwambie asinipigie mimi. Ampigie mama."

Akakata.

Nilimwambia shemeji alivyosema. Aliwasha gari, akalizima, akaliwasha tena.

"Kibakwe saa hizi mtandao haushiki," alisema. "Unakuja usiku."

"Tutapiga usiku."

"Utaongea naye wewe. Wewe ndiye unayajua maneno."

"Namba nitakutafutia, shemeji," nikamwambia. "Kuongea utaongea wewe."

Akaichukua simu, akaiweka mapajani. Alipoegesha uani hakushuka, na mimi sikushuka. Dada alitoka mlangoni na mtoto mgongoni, akatuuliza kama gari limezima tena.