Mpiga Gitaa wa Mwisho wa Kamado

Kwa miaka ishirini na kitu Mutua alikuwa mwanamuziki mashuhuri wa roki katika mji wa Minasawa, Japani, na umashuhuri huo ulianzia kituo cha reli ukaishia darajani. Alikuwa amekwenda huko kufundisha Kiingereza kwa mkataba wa mwaka mmoja. Akanunua gitaa la umeme, na familia ikamkosa tangu siku hiyo. Mji wenyewe ulikuwa na bendi tano za roki zilizogawana wapiga ngoma wawili, na ukumbi mmoja tu ulioitwa Kamado, uliochimbwa chini ya duka la magodoro. Bendi moja ikipanda jukwaani, zile nyingine nne ndizo zilizokuwa hadhira. Kwa hiyo hakuna mwanamuziki wa Minasawa aliyewahi kupigia ukumbi mtupu, wala hakuna aliyewahi kupigia mtu asiyemjua.

Mambo yao, hata hivyo, yalikuwa na utaratibu, na Mutua, aliyelelewa kwa kengele ya shule ya bweni huko Machakos, aliupenda utaratibu huo kuliko muziki wenyewe. Atakayepiga wa mwisho ndiye hujaribu vyombo wa kwanza. Hatoki mtu kabla wa mwisho hajamaliza. Aliye jukwaani hakatizwi, hata akikosea, hata akiendelea kukosea kwa robo saa. Na mitambo ya sauti ni ya fundi mitambo peke yake. Mwanamuziki anayegusa vitufe vyake ni sawa na mgeni anayefunua vyungu jikoni. Kazi ikiisha, watu huinamiana na kuambiana neno ambalo kwa Kiswahili ni “pole na kazi”, na hapo Mutua hakuwa na la kujifunza.

Nafasi ya mwisho ilikuwa yake. Hakuna aliyekumbuka ni nani aliyempa, na hakuna aliyethubutu kuuliza.

Mnamo Machi 2020 alikwenda Sydney kwa ajili ya harusi ya mpwa wake Jacky, binti wa dada yake Mbula. Alipofika tu, serikali ya Australia ikaamua kwamba ndoa ni jambo la watu watano, idadi ambayo katika ukoo wa Mbula haitoshi hata kamati ndogo ya vinywaji. Harusi ikaahirishwa. Wiki chache baadaye serikali ya Japani nayo ikaamua kwamba mkazi wa kigeni aliyetoka nje ni mgeni kwelikweli, na asirudi kwanza. Mutua akabaki Merrylands, kitongoji cha Sydney, katika chumba cha nyuma cha dada yake, pamoja na gitaa alilolileta apige harusini, ingawa hakuna aliyemwomba apige.

Wakenya wa Sydney, watu wa uuguzi na uhasibu na majukumu, walimhurumia kwa bidii. Kila aliyempigia Mbula simu aliuliza kwa upole kama yule ndugu yake ameshapata kitu cha kufanya, maana nyumba za kutunzia wazee zilikuwa zikiandika watu. Mutua alijibu kwamba kazi anayo, ila iko Minasawa. Wakaahidi kumwombea.

Julai ilipoingia, Bwana Nishimori, mwenye Kamado, alimpigia simu. Ukumbi ulikuwa ukifungwa moja kwa moja. Watu walishaanza kuogopa mahali pasipo na dirisha, na Kamado haikuwahi kuwa nalo. Kungekuwa na onyesho moja la kuaga, Jumapili alasiri; wanamuziki wangeketi mbalimbali, barakoa usoni, bila kupiga kelele. Mmoja wa wale wapiga ngoma wawili, yule kijana, alikuwa amependekeza kwamba Mutua ajirekodi, kisha rekodi yake ioneshwe mwanzoni kabisa, ili watu wamkumbuke.

Mutua aliyapokea maneno hayo kama mtu aliyesomewa tangazo la kifo chake mwenyewe. Rekodi, alimweleza Nishimori, hutumwa na marehemu. Yeye angepiga moja kwa moja kutoka Sydney, na angepiga wa mwisho. Kama Kamado ilikuwa lazima ife, basi sauti ya mwisho kusikika mle ndani ingekuwa ya gitaa lake. Hakuwa na ombi lingine duniani. Nishimori alinyamaza kwa muda mrefu. Huko Minasawa kimya cha namna hiyo maana yake ni hapana, na Mutua alilijua hilo vizuri sana, lakini siku hiyo akaamua kwamba Kijapani kimempotea kidogo. Akasubiri, mpaka Nishimori akakubali.

Siku ilipofika, Jacky, ambaye kazi yake ilikuwa kompyuta za benki moja katikati ya jiji, alimwekea mjomba wake kila kitu mezani.

“Anko, hii programu ni ya mikutano,” alisema. “Ikisikia kelele inaikata. Kuna mahali nabonyeza ndio iache gitaa ipite.”

“Hiyo ni kazi ya fundi mitambo.”

“Fundi ako Japani, Anko. Kompyuta iko Merrylands.”

“Basi yuko kazini. Usiguse kitu.”

Jacky alisema sawa, kwa ile sauti ambayo watu wa ofisini huitumia wanaponawa mikono, akaenda zake.

Jikoni, ng'ambo ya ukuta mwembamba, Mbula alikuwa ameanza maombi ya akina mama. Kanisa lilikuwa limekataza kuimba ndani ya jengo, na kwa hiyo akina mama walikuwa wakiimba kwa simu, kila mmoja nyumbani kwake, simu ya Mbula ikiwa imeegemezwa kwenye kopo la majani ya chai. Gakii, mmoja wao, alianzisha wimbo kutoka kwake mtaa wa Kensington, nao ukamfikia Verdiane, Mrundi wa mtaa wa pili, umechelewa. Verdiane akauitikia, na sauti yake ikamrudia Gakii akiwa tayari kwenye ubeti mwingine. Hakuna aliyekubali kumngoja mwenzake. Mbula, mwenye sauti ya kuamshia wodi nzima, aliimba juu yao wote.

Mutua hakusikia lolote. Alikuwa amevaa vipokea sauti vya masikioni, akafumba macho, akapiga. Hakuwa mwimbaji, siku zote alishikilia kwamba maneno huharibu muziki. Alipiga kipande kirefu, kizito, cha mngurumo na mkwaruzo mtupu, na ndani yake alitia ngazi za Kamado, harufu ya magodoro na ujana wake wote. Alipomaliza aliinama mbele ya kompyuta. Kwenye kioo aliwaona wenzake wamesimama, kila mmoja peke yake, wakipiga makofi yasiyokwisha. Yule mpiga ngoma kijana alikuwa akifuta machozi kwa ukingo wa barakoa. Mutua aliona hiyo ni haki yake.

Nishimori alimpigia simu taa za ukumbi zilipokwisha kuzimwa. Alisema hajawahi kuona ujasiri kama ule: kusimama mbele ya watu na kulipiga gitaa lisilotoa hata mlio mmoja, na kuwaachia wale wanawake waimbe, kila mmoja katika wakati wake mwenyewe. Bendi zote tano zilikuwa zinauliza ni akina nani.

Mutua alimwomba asikate simu. Alimwita Jacky. Jacky alitazama kompyuta kidogo tu, akasema ni vile alivyomwambia: programu iliona gitaa ni kelele, ikaona Mama ni mtu. Akauliza mbona hao Wajapani hawakusema kitu muda wote huo. Mutua, ambaye alijua sababu kuliko mtu yeyote, alisema tu kwamba aliye jukwaani hakatizwi.

Alikuwa mtu asiyeweza kula sifa ya mwenzake. Akarudi kwenye simu na kusema ukweli wote, kwa Kijapani chake bora. Gitaa lake lilikatwa na mashine. Wale ni dada yake na rafiki zake, walikuwa jikoni wakiomba. Yeye hakufanya chochote.

Nishimori alimsikiliza mpaka mwisho, bila kumkatiza.

“Mutua-san,” alisema, “miaka yote hii sijawahi kukusikia ukijishusha. Pole na kazi.”

Mutua alirudia maelezo yake, safari hii kwa ukali, na Nishimori akaguswa zaidi.

Mutua akaenda jikoni. Sala ya kufunga ilikuwa haijafungika bado. Alimweleza dada yake yaliyotokea, na akina mama simuni wakanyamaza wasikilize.

“Na uliwaambia ni sisi?” Mbula aliuliza.

“Nimewaambia.”

“Wakasema?”

“Wamesema nina unyenyekevu.”

Mbula, aliyemjua tangu akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, alishika ukingo wa sinki kwa mikono miwili na kucheka mpaka barakoa ya kazini iliyoning'inia sikioni ikaanguka. Kwenye simu Gakii alikuwa akicheka, na kicheko cha Verdiane kikafika baadaye.

Mutua alivuta kiti. Aliuliza, kwa sauti kavu ya mtaalamu, wale akina mama huwa wanaimba kwa ufunguo gani, yaani gitaa lianzie noti ipi.

Verdiane alisema hawajui. Huanza Gakii, na wengine humfuata mtandao ukiwafikisha.