Mtawa Aliyekwama Ukurasa wa Arobaini na Moja

Kila Jumatatu ya mwisho wa mwezi, kaimu mkuu wa maktaba alitoa rafuni vitabu ambavyo havijaazimwa kwa miaka kumi. Alivifunga kwa kamba, ishirini ishirini, vikasagwe viwe trei za mayai. Mwezi huo alikuta kumbukumbu za safari ya mtawa mmoja wa Kibudha. Kurasa za katikati zilikuwa zimegandana kwa gundi. Hakupenda kusagisha kitu ambacho hakijafunguliwa, hivyo alizitenganisha kwa kisu cha matunda.

Mtawa akatoka kati ya kurasa hizo, akaushusha mguu aliokuwa ameuinua kwa miaka kumi na moja.

"Viatu mlangoni," kaimu alisema. "Tumetoka kudeki."

Mtawa aliinama mara tatu. Alisema mwalimu wake alimtafutia neno la wazi kama hilo miaka ishirini, asilipate.

"Unaenda wapi, baba?" aliuliza mama mfagizi.

"Mlimani."

"Kufanya nini?"

"Kushuka."

"Mwanamume wa kwanza kunijibu ukweli," mfagizi alisema, akamvutia kiti.

Kilichokuwa wazi ni kiti cha mkuu tu. Kaimu alikuwa amefanya kazi ya mkuu kwa miaka tisa akiwa juu ya stuli, akingoja barua ya kuthibitishwa. Kila mwaka mkurugenzi alimwambia barua iko njiani. Leo mkurugenzi angekuja mwenyewe na uamuzi.

"Barua hiyo," mtawa alisema, "njia zote nimezitembea. Sijapishana nayo."

Mkurugenzi alifika saa tisa. Alipekua rejista, hakuona kosa. Kisha akamwona mtawa kitini, macho nusu wazi.

"Yule anafanya nini?"

"Hafanyi kitu, bosi."

"Umeona alivyotulia? Huo ndio uongozi."

Akatoa barua ya uteuzi iliyoachwa nafasi ya jina, akanakili jina la mtawa kutoka jalada la kitabu chake kilichokuwa mezani, akagonga mhuri.

"Na mimi?" kaimu aliuliza.

"Wewe, mama, ni nguzo yetu. Mwelekeze kazi. Yako iko njiani."

Mkurugenzi alipoondoka, mtawa aliisoma barua, akacheka hadi akashika mbavu. Akaichomeka ukurasa wa arobaini na mbili kuwa alama, akachukua viatu vyake, akaingia kitabuni.

Kaimu aliitazama kamba, akaitazama trei moja ya mayai iliyokuwa dirishani. Kisha akajiazimisha kitabu kwa siku kumi na nne. Tangu hapo hukiongezea muda kila baada ya wiki mbili. Stuli alimpa mfagizi. Kiti cha mkuu alikipangusa, akakikalia.

Msomaji akimuulizia mkuu, kaimu hufungua kitabu.

"Yuko safarini. Ukurasa wa sitini na tatu, anavuka mto. Sema na mimi."

Mwaka wa kumi mkurugenzi alipiga simu kumpongeza mkuu, maktaba haijawahi kwenda vizuri hivyo. Kaimu alizipokea pongezi kwa niaba yake, akarudi kufunga vitabu, ishirini ishirini, akivifungua kimoja kimoja kwanza.