Sifuri ya Sauti

Ustadh Wagih alikuwa na kiti cha kinyozi. Kiti kamili, cha ngozi nyekundu iliyopasuka, chenye mkono wa chuma wa kukipandisha na kukishusha. Alikinunua kwa kinyozi wa mtaa wa Muharram Bek aliyehamia Kuwait, akakiweka mbele ya televisheni katika chumba kimoja cha jarida letu la gemu lililoitwa Dhiraa, yaani pedi ya kuchezea, ghorofa ya pili, juu ya duka la juisi la Ami Zaghlul. Humo ndimo alimoamua gemu gani vijana wa Aleksandria wataililia kwa mama zao na gemu gani wataipita kama hawaioni.

Gemu ikiwa mbaya, alikishusha kiti. Ikiwa nzuri, alikipandisha. Mimi nilikaa pembeni yake juu ya kreti ya soda, nikihakiki gemu za mpira na za magari, na alama yake niliijua kabla hajaitamka, kwa kutazama tu miguu yake inaning'inia wapi.

Kila gemu tuliipa alama nne, kila moja juu ya kumi: picha, sauti, uchezaji na hadithi. Unajumlisha, unagawa kwa nne, na jibu linachapwa ndani ya duara jekundu. Wagih alisomea uhasibu na akaacha kazi ya benki kwa sababu, alivyosema, benki haina hatua ya mwisho. Mama yake hakuwahi kumsamehe. Hakuwa na mke, hakuwa na gari, alikuwa na jina. Na jina lenyewe lilisimama juu ya maneno tuliyochapa kila mwezi chini ya ukurasa wake: Atakayethibitisha kuwa alama yangu ina kosa, aje akalie kiti changu. Wasomaji walituma matusi ya kila rangi, lakini kuthibitisha hakuna aliyethibitisha, na Wagih alitembea mtaani kama hakimu anayekwenda kununua mkate.

Kisha ikaja Tarishi wa Mawingu.

Ilikuwa gemu ya mpeleka barua anayeruka kisiwa hadi kisiwa juu ya ndege mkubwa kama basi. Picha zake zilikuwa za kupendeza mno. Tulizipiga wenyewe kwa kamera ya filamu, mimi na televisheni tukiwa tumefunikwa blanketi la mama yangu ili mwanga usiakisi, na Wagih akisimamisha gemu kwa pedi na kuniamuru nisipumue.

Ila gemu ilikuwa bubu. Ndege anapiga mbawa, husikii kitu. Dhoruba inakuja, husikii kitu. Palikuwa na mlio mmoja tu wa kengele, ukifikisha barua.

"Angalau kengele ipo," nilimwambia.

"Kengele moja si sauti, mhandisi. Ni mlango."

Kwetu kila mtu ni mhandisi, hasa asiye mhandisi.

Basi tukaicheza kwa redio ya Ami Zaghlul, iliyopanda dirishani pamoja na mngurumo wa mashine ya miwa. Ndege alivuka bahari kwa nyimbo za mapenzi, na saa kamili ikifika alitua kwa taarifa ya habari.

Halafu kulikuwa na mwavuli. Kila ukimaliza kisiwa, skrini ilikuwa nyeusi kwa muda mfupi, kisha mchezo ukaendelea. Baada ya kisiwa cha tatu, tarishi alitoka kwenye weusi ule ameshika mwavuli mwekundu. Umetoka wapi, hakuna aliyejua. Mji mzima ulibishana. Mimi nilikuwa upande wa wanaosema kauiba. Ami Zaghlul, ambaye hajashika pedi tangu azaliwe, alishikilia kuwa jamaa kaoa pale gizani na mwavuli ni wa mkwewe.

Wagih akatoa hukumu: picha nane, uchezaji saba, hadithi moja, sauti sifuri. Wastani, nne. Hakuna msomaji aliyepinga. Wangepingaje, na sote tulinunua diski kwenye meza ile ile sokoni?

Siku moja mchana, tukiwa tunakula mikate ya ful, yale maharage ya kupondwa, akaingia msichana wa rika langu, kitambaa cha kijani kichwani, begi amelikumbatia kifuani kama mtoto.

"Nani kati yenu ni Wagih?"

"Mwenye kiti," nikamwambia. "Mimi ni mwenye kreti."

"Naitwa Nermin. Nimetoka Port Said kwa ajili ya ile nne yako, ustadh."

"Karibu, dada," Wagih akasema huku anafuta mafuta ya ful mdomoni. "Nne iko salama. Haijahama."

"Picha nane, sawa. Uchezaji saba, umebana mkono lakini sawa. Ila muziki ule kuupa sifuri? Masikio yako yalikuwa likizo?"

"Muziki upi?"

Alidhani anataniwa, akanigeukia mimi.

"Gemu hiyo bubu, dada," nikamwambia. "Waulize hata walio chini kwenye juisi."

Nermin hakubishana tena. Alifungua begi, akatoa kasha lenye kijitabu ndani na diski inayong'aa, diski ya kiwandani, aliyoletewa na kaka yake baharia. Wagih alitazama kasha, akatazama diski yetu iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mweusi, na nikaona uso wake unapiga hesabu.

Nikajaribu kumfungulia mlango wa nyuma. "Ustadh, si ulisema mashine yetu siku hizi inakataa diski mpya?"

"Sikusema hivyo," akajibu. "Iweke."

Kinanda kilianza peke yake, taratibu, kama mtu anayejaribu ufunguo. Ndege alipoinuka, filimbi ikaingia chini ya mbawa, na mbawa zenyewe zikasikika, nzito, zenye upepo ndani. Dhoruba ilipokuja, Ami Zaghlul alizima mashine ya miwa akauliza kuna nini huko juu. Wagih aliendelea kucheza. Mkono wake wa kushoto, kila alipopata nafasi ya kuachia pedi, ulikwenda kwenye chuma cha kiti na kukisukuma. Yeye mwenyewe hakuuona. Mimi niliuona.

Kisiwa cha tatu kikaisha. Badala ya weusi ikaja filamu: mvua, mlango, mama mtu anatoka na mwavuli mwekundu, anampa mwanawe, anarudi ndani.

"Ndiyo hivyo tu?" nikasema.

"Ulitaka nini?" Nermin akauliza.

"Nilitaka awe kauiba."

Nikachungulia dirishani. "Ami Zaghlul, si mkwewe, ni mama yake."

"Basi hamjafika kwenye harusi," akajibu kutoka chini.

Mambo yalikuwa wazi. Diski tupu za kunakilia hubeba kidogo kuliko za kiwandani. Aliyeinakili gemu, sijui wapi duniani, alikata muziki na filamu ili kilichobaki kienee.

"Nane, tisa, saba, nane," Wagih akasema polepole. "Thelathini na mbili. Alama ni nane. Nimekosea kwa nusu nzima."

Akateremka kitini. Kilikuwa kimepanda hadi mwisho, ikabidi aruke. Akafuta ngozi kwa mkono wa shati.

"Kaa."

"Sikuja kwa kiti," Nermin akasema. "Nilitaka urekebishe alama."

"Hiyo nane utaiandika wewe. Kiti kina mwenyewe sasa. Soma chini ya ukurasa."

Kisha akaja kukaa juu ya kreti yangu, na mimi nikashuka sakafuni.

Nermin alikaa. Aliandika nane yake, halafu akaomba diski yetu, ile bubu. "Haki yake nayo," akasema. Akaicheza hadi kisiwa cha tatu, dirisha wazi, redio ikipanda, tarishi akivuka dhoruba kwa wimbo wa bwana harusi. Niliona anatabasamu mwavuli ulipotokea kwenye giza.

"Hadithi moja, hiyo naiacha," akasema. "Sauti, saba. Lakini andikeni dirisha liachwe wazi."

"Hiyo inakuja tano na robo tatu," Wagih akalalamika kutoka kwenye kreti. "Hatujawahi kuchapa robo."

"Mtachapa."

Tulichapa zote mbili, duara kando ya duara. Wagih aliandika juu ya kreti hadi jarida lilipokufa, na kusema kweli aliandika vizuri zaidi, maana alianza kuwauliza watu wamechezea nakala gani.

Juzi nimeinunua gemu ile upya, ya asili, yenye kila kitu. Nimecheza kidogo nikapunguza sauti yote, nikafungua dirisha. Chini siku hizi wanauza makava ya simu. Nikampigia Wagih, ambaye yuko Montreal na amerudi benki, nikamwambia nimefika kisiwa cha tatu na hakuna redio.

"Subiri," akasema, na nikamsikia, masikini, anaanza kuimba.

Sauti yake nimeipa mbili.