Yamini kwenye Hitma ya Pandu

Hafidha aliipika pilau ya arobaini ya kaka yake kwa raha iliyomshangaza hata yeye. Wazee wa Kizanzibari waliokuwa wakifanya biashara Guangzhou mwaka ule wa 1998 walijaa chumbani kwake katika mtaa wa Xiaobei, na Murshid, shehe wao, aliketi mbele yao, kofia nyeupe pepe, tasbihi mkononi. Hafidha alikwenda kumwalika mwenyewe. Alimtaka awepo, tena mbele ya watu.

Maana Murshid ndiye aliyemuua kaka yake Pandu, kwa ulimi tu. Pandu alikatwa mguu na ukanda wa chuma wa kufungia robota la nguo kule soko la Shahe, na mzee wa watu alishakubali kwenda zahanati kuchanjwa pepopunda. Murshid akamzuia. "Mzee Pandu, kwa umri huo unataka kutiwa mafuta ya nguruwe mwilini? Utakutana na Mola wako na nini?" Akamwandikia kombe la aya kwa zafarani, akaliosha kwa maji, akamnywesha. Haukupita muda taya za Pandu zikakaza, hata shahada hakuweza kuitamka.

Basi siku moja kabla ya hitma, Mungu si Athumani, Hafidha alimwona Murshid akitoka zahanati ile ile, kidole kimefungwa bendeji, amebana pamba begani. Naye kakatwa na chuma. Hafidha alijibanza nyuma ya toroli la machungwa, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Hitma ilipokwisha, masinia yameteremshwa lakini hayajaguswa, alisimama na msahafu mkononi.

"Shehe Murshid, wazee hawa wanaikimbia sindano kwa kauli yako. Shangazi yangu huyu, Bi Swalha, kachomwa na msumari, anangoja kombe lako. Kula yamini hapa kwamba wewe hujachanjwa."

Murshid aliutazama msahafu, asiuguse. Mwongo alikuwa mwongo, lakini yamini ya uongo aliiogopa kama moto.

"Dada Hafidha, haya si mambo ya hadharani."

"Kombe ulimnywesha kaka yangu hadharani. Shika."

"Nimechanjwa," akasema. "Niliogopa kufa."

"Na Pandu hakuogopa?" aliuliza Bi Swalha, ameshainuka, akijifunga buibui. "Hafidha, mwanangu, zahanati bado wazi?"

"Bado, shangazi."

Wazee wakamfuata mmoja mmoja, wakiiacha pilau ikitoa moshi. Murshid alibaki peke yake na sinia la watu wanne. Hafidha akamsogezea karibu.

"Nipe radhi yako, dada yangu."

"Huipati. Wala sikuombei kifo, Murshid. Nakuombea maisha marefu. Sindano imekupa umri, na umri huo utautumia kupita kila mlango wa wazee wetu, uwaambie kwa kinywa chako jinsi ulivyomuua Pandu. Tunaanza kesho asubuhi. Nitakuwa nyuma yako, nasikiliza."