Muhuri wa Risasi wa Marehemu Landelini

Usiku wa kuamkia leo niliota nimekaa kwenye benchi la ofisi ya parokia, nasubiri muhuri. Si ajabu. Hata nikiwa macho huwa nakaa hapo hapo. Tangu mume wangu Landelini afariki, miezi minane sasa, benchi lile linanijua kuliko godoro langu.

Katibu wa parokia, Bwana Kandidus, ameishika barua ya maziko kwa vidole viwili, kama samaki wa juzi.

"Mama Xaveria, muhuri wa hapa umefifia. Barua isiyo na muhuri ni karatasi."

"Na mume wangu?"

"Kwa ofisi hii, hajafa."

"Asante, katibu. Basi tulimzika kwa haraka zetu tu."

Mlango unafunguka, Landelini anaingia na suti tuliyomzikia, magoti yamejaa udongo. Anasema, "Tumsifu Yesu Kristo." Tunaitikia, "Milele, amina." Adabu ni adabu.

"Kaa, Baba Xaveria," nikamwambia.

"Siwezi. Nimeambiwa asiye na muhuri haruhusiwi kukaa wala kulala. Nimesimama tangu mliponifukia."

Nilifurahi kumwona. Siwezi kudanganya, hata ndotoni.

Hapo ukuta wa ofisi ukaondoka bila kuaga. Tuko Ulaya, kwenye tope, mbele ya kanisa la mawe lisilo na paa. Benchi limekuja nasi, na meza ya Kandidus pia. Shimoni kuna dada mmoja mchimbaji wa mambo ya kale, ana buti na brashi ndogo. Anapiga kelele:

"Tumepata risasi ya kanisa!"

Kandidus akajitupa chini ya meza, akaanza sala ya kutubu kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia akiwa altareni. Mimi nikalala kifudifudi topeni. Landelini peke yake alibaki wima, kwa kuwa haruhusiwi kulala.

"Si ya bunduki, mama," dada akasema. "Risasi ni madini. Huu ni muhuri wa Baba Mtakatifu mmoja wa miaka mia saba iliyopita. Barua yake imeoza, muhuri umebaki."

Kandidus akatoka chini ya meza, machozi yanamlenga.

"Muhuri usiohitaji barua! Miaka yote hii tumehangaika na makaratasi ya nini?"

Muhuri ulikuwa wa duara, mdogo kuliko kitumbua, una sura za wazee wawili wenye ndevu. Niliwatambua, ni wale mitume wa picha za kanisani, ila sikuwataja, maana Kandidus angewadai vitambulisho. Nikausalimu muhuri shikamoo.

"Marahaba," ukajibu. "Nimelala kaburini juu ya kifua cha padri mmoja miaka yote hiyo. Hakugeuka hata mara moja. Nani hapa hawezi kulala?"

Landelini akanyoosha kidole kama yuko darasa la pili.

"Mimi sigongwi kwa wino," muhuri ukasema. "Nabanwa kwenye uzi wa barua. Nikishabanwa, mtu amekufa na hakuna mjadala. Na anayebana ni mjane."

"Utaratibu wetu," Kandidus akaanza, "unataka kwanza kamati..."

"Nyamaza, wewe wa muhuri wa mpira."

Nikauliza, "Na nisipobana?"

"Utabaki naye. Amesimama."

Nikafikiri. Nyumba ina nafasi. Asimame jikoni nikipika, asimame pembeni ya kitanda nikisali. Nani angejua? Halafu nikatazama miguu yake. Imevimba, kama ile wiki ya mwisho hospitalini.

"Inauma?"

"Kidogo."

Landelini hajawahi kusema kidogo kwa kitu kilichokuwa kidogo.

Koleo la kubania lilikuwepo, Kandidus alisema, ila mwenye ufunguo wa kabati amesafiri. Nikachomoa uzi kwenye pindo la koti la mume wangu, nikaupitisha kwenye barua na kwenye muhuri. Nikautia muhuri mdomoni, nikaung'ata kwa meno ya mbele. Ulikuwa laini kama ugali wa moto. Wale wazee wawili wakasema pamoja, "Taratibu, mama!"

Landelini akashusha pumzi kama mtu aliyevua viatu vya kubana. Akakaa. Kisha akajilaza ubavu, kiganja chini ya shavu, kama alivyozoea.

"Nifunike miguu tu, Mama Xaveria," akasema. Nikamfunika kwa kitenge changu.

Nikaamka, jua limeshapanda. Nikachukua kikombe cha maji, nikatoka uani kusukutua. Binti yangu Xaveria alikuwa anafagia. Akaacha ufagio hewani, akanitazama mdomo.

"Mama, umetafuna penseli?"

"Penseli ya nini?"

"Meno yako ya mbele. Yamekuwa ya kijivu."

Nikasukutua kwa chumvi. Nikasugua kwa majivu. Kijivu hakitoki. Xaveria akarudi kwenye ufagio wake, anakwaruza ardhi kwa nguvu kama kawaida yake.

"Fagia polepole," nikamwambia. "Baba yako ndiyo kwanza amelala."